Bia ya nyumbani na uniti za LUKU: maswali tunayoulizwa Mwanza

Kila anayeanza kupika bia nyumbani kwa sufuria ya umeme huja na maswali yale yale, na karibu wote huanza na hofu moja: LUKU itakwisha. Majibu nimeyaweka hapa pamoja. Hesabu zote ni za upishi wa lita 20, yaani chupa 40 za nusu lita, kwa mita ya nyumbani. Kimea ni nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Togwa nimeyaita yale maji matamu ya kimea kabla hamira haijaingia, kwa sababu ndiyo togwa yenyewe. Machicha ni makapi yanayobaki kwenye mfuko wa kulowekea kimea.

## Mambo ya msingi

1. Kupika lita 20 kunakula uniti ngapi?

Tano, au tano na pointi kidogo. Mara ya kwanza nilipima hivi: Jumamosi saa tatu asubuhi nilisoma mita, 63.4, nikaandika namba hiyo kwa penseli ukutani juu ya soketi. Friji nikaichomoa, taa zote nikazima. Nikamimina lita 27 za maji sufuriani na kuwasha elementi ya wati 2,500. Saa saba na nusu mchana nilipozima, mita ilisoma 58.1. Uniti 5.3. Zile namba mbili bado ziko ukutani, na tangu siku hiyo sijapita sita isipokuwa ninapochemsha kwa saa moja na nusu.

Fanya hivyo hivyo kwako kabla ya kuamini hesabu ya mtu yeyote, hata yangu. Mita huoni ikidanganya.

2. Hizo uniti tano ni shilingi ngapi?

Mita nyingi za nyumbani mjini ziko kwenye kundi la T1, ambako bei ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake inaongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, ikafika kama shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28 hivi. Kwa bei hiyo uniti tano ni shilingi 1,780. Gawanya kwa chupa 40: kila chupa imebeba umeme wa shilingi 45 tu. Kimea na hopi (maua yanayoipa bia uchungu), ambavyo wengi wetu tunaagiza kutoka mbali, vinagharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Kama uko D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo, soma swali la 16. Na bei ikibadilika, njia haibadiliki: pesa iliyolipia umeme gawanya kwa uniti ulizopata, kisha zidisha kwa uniti za upishi wako.

3. Nimegawanya risiti yangu, uniti moja imetoka zaidi ya 400. Kwa nini?

Huenda ndiyo mara ya kwanza kununua mwezi huo. Kodi ya majengo hukatwa ndani ya LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ukikaa miezi miwili bila kununua inakatwa ya miezi yote. Elfu kumi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo, imenunua umeme wa 8,500 tu. Ondoa makato hayo kabla ya kugawanya, au tumia risiti ya pili ya mwezi ule ule.

## Sufuria

4. Umeme wenyewe unaishia wapi?

Swali hili ndilo ninalopenda watu waliulize mapema, maana akishaliona mtu anajua pa kubana na pa kuacha.

Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya joto kunahitaji saa-wati 1.16 (uniti moja ni saa-wati 1,000). Haina ujanja, ni sawa kwa sufuria ya bei yoyote. Maji ya bomba hapa yanatoka ziwani kupitia mitambo ya Capri Point na Butimba, na kwangu yanafika yakiwa na nyuzi 25 hivi. Kupandisha lita 27 kutoka 25 hadi 70 kunakula uniti 1.4. Kimea kinaingia, joto linashuka hadi 67, na kukishikilia hapo kwa saa moja ni uniti 0.3. Ukitoa mfuko wa machicha unabaki na togwa lita 24, na kuipandisha hadi ichemke ni uniti 0.8.

Sasa angalia saa ya mwisho, ile ya kuchemsha. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.63. Sufuria yangu inapoteza lita tatu kwa saa, kwa hiyo uniti 1.9 zinatoka dirishani zikiwa mvuke, na nyingine 0.3 zinapotelea ubavuni mwa sufuria. Jumla ni 4.7, na kinachobaki hadi tano na kitu ni joto linalopotea wakati wa kupandisha. Mvuke peke yake ni zaidi ya theluthi ya umeme wote wa siku.

5. Elementi ya wati 3,000 si itakula zaidi ya ile ya 1,500?

Haili zaidi. Itakula haraka zaidi, kwa muda mfupi zaidi. Kazi ya kupandisha lita 27 hadi nyuzi 70 ni uniti 1.4 kwa zote mbili: ya wati 3,000 itaimaliza chini ya nusu saa, ya 1,500 itachukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo sufuria inatoa joto nje muda wote. Kwa hiyo ndogo ndiyo inayopoteza zaidi, ingawa ni kwa kiasi kidogo.

Kubwa inaleta hasara sehemu moja tu: togwa ikishachemka, ukaiacha inawaka kwa nguvu zote. Hapo itapiga mvuke maradufu bila faida. Togwa inatakiwa ijigeuze juu kwa upole, si kurukaruka. Weka kirekebishi cha nguvu, au nunua elementi mbili ndogo na uzime moja ikishachemka.

6. Umeme wetu ni mdogo jioni. Nikipika na umeme hafifu nitatumia uniti nyingi?

Muda ndio utakaoongezeka. Elementi iliyoandikwa wati 2,500 kwa volti 230 ikipata volti 200 inatoa wati 1,890 tu, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Maji yaliyokuwa yakichukua dakika 34 kufika nyuzi 70 yatachukua 45. Uniti zinabaki karibu zile zile, ukiongeza kidogo cha joto linalopotea kwa muda huo wa ziada.

Tatizo ni pale nguvu inaposhuka mpaka togwa haichemki sawasawa. Ukipika asubuhi, kabla watu hawajarudi nyumbani, utaliepuka hilo.

7. Kipimajoto changu kinagota 96. Kimeharibika?

Hapana, kiko sawa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 hivi za kupanda. Kwa hiyo Mwanza maji yanachemka kama 96. Wengi wanaofuata maelezo yaliyoandikwa na watu wa pwani au Ulaya wanaendelea kusubiri 100, wanaongeza moto, na wanapoteza lita mbili za mvuke wakisubiri namba ambayo haitafika.

Kwa umeme ni nafuu ndogo, uniti 0.1. Kwa bia ina maana yake: uchungu wa hopi unatoka polepole zaidi katika nyuzi 96, kwa hiyo ongeza hopi kidogo za kuchemshia badala ya kuongeza muda.

8. Nikichemsha nusu saa badala ya saa nzima, au nikifunika sufuria?

Nusu saa inakuokolea uniti 1.1, karibu shilingi 390. Kwa kimea cheupe cha kawaida inafaa, ila hopi ziongezwe ili uchungu ufike. Kwa kimea cha pilsner mimi bado nachemsha saa nzima, kwa sababu kina harufu ya mahindi yaliyochemshwa ambayo inahitaji kutoka na mvuke.

Hiyo hiyo ndiyo sababu usifunike kabisa: harufu itarudi ndani na matone ya kifuniko, na togwa itafurika ukigeuza kichwa tu. Wakati wa kupandisha joto funika moja kwa moja. Ikishachemka, acha wazi walau theluthi mbili.

9. Kuzungushia sufuria blanketi, au kuanza na maji ya tangi la bati juu ya paa, kunasaidia?

Blanketi linasaidia wakati kimea kimelowekwa. Zima elementi kabisa, funga, subiri. Unaokoa karibu uniti 0.3 na joto linatulia kuliko kwa elementi inayowaka na kuzima. Maji ya tangi saa nane mchana kwangu yamewahi kufika 33. Tofauti ya nyuzi nane kwa lita 27 ni uniti 0.25, shilingi 90. Kama tangi liko juu tayari, tumia. Usijenge kwa ajili hiyo.

10. Nikipika lita 40 kwa mara moja, gharama inazidi mara mbili?

Haifiki huko, ni kama mara moja na nusu tu. Kupandisha joto kunakuwa maradufu, lakini mvuke unategemea upana wa mdomo wa sufuria, si kina chake. Sufuria ile ile ndefu yenye lita 48 inatoa zile zile lita tatu kwa saa. Upishi wa lita 40 huja kama uniti 7.5 badala ya kumi. Kinachowashinda wengi ni muda: kwa wati 2,500 utasubiri saa moja na dakika kumi maji yafike nyuzi 70.

11. Gesi si rahisi zaidi?

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu uniti 12.8, lakini jiko la kawaida linaingiza sufuriani chini ya nusu. Iliyobaki inapasha ukuta. Kwa upishi wetu utahitaji kilo 0.85 hivi. Ukinunua mtungi wa kilo 15 kwa shilingi 57,000, hiyo ni kama shilingi 3,200, karibu maradufu ya umeme wa T1. Weka bei ya mtungi wako mwenyewe uone. Mkaa nauacha kwa sababu ya joto: kushikilia nyuzi 67 kwa saa nzima juu ya mkaa ni kazi ya mtu mmoja asiyefanya kingine chochote.

## Friji na kuchachusha

12. Sufuria nawasha mara mbili kwa mwezi, mbona LUKU inakimbia kila siku?

Kwa sababu sufuria inakula siku moja, na friji inakula siku zote.

Nilipokuwa nimepanga Mabatini tulikuwa vyumba vinne kwenye mita moja. Elfu kumi ilikuwa ikitupeleka siku tisa. Siku moja mama wa chumba cha pili akaniita pale kwenye ngazi za mawe, kwa utaratibu kabisa: "Baba Eliya, LUKU siku hizi haifiki hata wiki. Ni ile sufuria yako kubwa?" Nami nilidhani ndiyo, nikawa tayari nimeanza kuomba radhi. Lakini hesabu ya ukutani (swali la 1) ilikataa: uniti kumi kwa mwezi mzima haziwezi kuondoa siku mbili katika kila elfu kumi. Tukasimama naye mbele ya mita. Siku ya kwanza tukaacha kila kitu kama kilivyo. Siku ya pili nikachomoa friza yangu ya kuchachushia, iliyokuwa imewekwa nyuzi 2 ili bia itulie. Tofauti ilikuwa uniti 1.1. Kifaa ambacho hakitoi mvuke wala kelele, kimefunikwa kitambaa kona ya chumba, ndicho kilichokuwa kinatumaliza.

Chukua hesabu hii. Bia ya kawaida ya aina ya ale ikishikiliwa nyuzi 19 kwa siku 14 ndani ya friza yangu ndogo inakula uniti 0.5 kwa siku: uniti saba, shilingi 2,500, zaidi ya sufuria. Lager, bia inayochachushwa kwa baridi, inakaa siku 14 kwenye nyuzi 11 kwa uniti 0.8, halafu wiki nne kwenye nyuzi 2 kwa uniti 1.1. Jumla uniti 42, karibu shilingi 15,000. Kila chupa ya lager imebeba umeme wa zaidi ya shilingi 370 kwenye friza, na 45 kwenye sufuria. Watu wanabishana kuhusu dakika za kuchemsha, na pesa inatoka mlango wa pili.

13. Naweza kupika bia nzuri Mwanza bila friji kabisa?

Unaweza, na kwa mtu anayeanza ndivyo ninavyomshauri. Kuna njia tatu, na zinaweza kuchanganywa.

Ya kwanza na bora ni kuchagua hamira inayopenda joto letu. Hamira za kveik zinatoka mashambani Norway, ambako wakulima walizitunza vizazi kwa vizazi, na zinafanya kazi safi kati ya nyuzi 30 na 40. Pakiti kavu inasafiri vizuri. Chumba cha bati cha Nyakato au Igoma saa kumi jioni, kile tunachokikimbia na kwenda kukaa nje, kwa kveik ndiyo makao. Kwa siku nne au tano imemaliza. Hamira za saison (bia ya mashambani ya Ubelgiji) nazo zinavumilia 28 bila shida. Umeme wa kuchachusha: sifuri.

Ya pili ni guo lililolowa. Weka ndoo ya kuchachushia ndani ya beseni lenye maji, ivalishe fulana ya pamba ndefu ili pindo lake liguse maji, ifungulie dirisha la upande wa ziwa. Maji yanapanda kwenye pamba na kukauka, na kila lita inayokauka inaondoka na joto la uniti 0.63 au zaidi kidogo, ile ile namba iliyokuwa ikikuibia kwenye kuchemsha (swali la 4). Sehemu ya joto hilo inatoka kwenye bia, nyingine kwenye hewa. Mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu na upepo unavuma, ndoo yangu inakaa nyuzi nne chini ya chumba. Mwezi wa nne mvua zikiwa zimeshika, nyuzi moja, au hakuna.

Ya tatu ni barafu, kwa siku tatu za kwanza tu. Hamira yenyewe inatoa joto ikila sukari, kama uniti 0.3 kwa upishi mzima, na karibu lote linatoka siku hizo. Chupa mbili za maji zilizoganda ndani ya beseni, zikibadilishwa asubuhi na jioni, zinatosha kuzuia kilele. Ukishavuka siku ya nne ladha mbaya za joto hazina nafasi kubwa tena. Acha bia ipande yenyewe.

Na sehemu ya kuweka ndoo ina uzito. Nyumba nyingi za Mwanza zimeegemea majabali. Kona ya sakafuni iliyo upande wa jabali lenye kivuli huwa na nyuzi tatu pungufu ya mezani. Tembea na kipimajoto nyumbani saa kumi jioni kabla ya kununua chochote.

14. Kupoza togwa kutoka 96 kunahitaji umeme?

Kidogo sana. Koili ya shaba na maji ya bomba itakushusha hadi 29 au 30, na pampu ndogo ya wati 30 kwa nusu saa ni uniti 0.015. Chini ya hapo bomba letu haliwezi, maji yenyewe ni 25. Kwa kveik umeshafika, weka hamira. Kwa ale, kushusha lita 20 kutoka 30 hadi 20 kunahitaji kilo mbili za barafu kwa karatasi, nne kwa uhalisia; mpira wa maji wa koili pitisha ndani ya ndoo ya barafu. Wauza barafu ya samaki pale Mwaloni Kirumba wanakata vipande vikubwa, na barafu hiyo inakaa nje ya koili tu, kamwe isiguse togwa.

15. Nataka kununua friza iliyotumika. Niangalie nini?

Mpira wa mlango kwanza. Bana karatasi, funga, vuta: ikitoka bila kukaza, friza hiyo itakula maradufu. Usidanganywe na wati za kibandiko. Friza ya wati 100 haili uniti 2.4 kwa siku kwa sababu kompresa inawaka na kuzima. Omba uichomeke kwenye mita ndogo ya soketi kwa saa kadhaa, au nunua kwa masharti ya kurudisha. Friza ya kufungulia juu inatunza baridi kuliko ya mlango wa mbele.

Nunua pia kidhibiti joto cha nje, na kitambuzi chake ukibandike kwenye ubavu wa ndoo chini ya kipande cha godoro, si hewani. Kikiwa hewani kompresa inawaka kila dakika chache. Kiwekee dakika tano za kusubiri kati ya kuzima na kuwasha.

## Mita na nyumba za kupanga

16. Mita yangu ni ya D1. Kupika kutanitoa?

D1 ni ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa bei ya msingi ya shilingi 100, kama 122 na tozo zake. Ndani ya mpaka huo upishi mmoja ni shilingi 610 tu, raha kabisa. Lakini uniti inayovuka 75 inauzwa 350 kabla ya tozo, kama 427 baada yake, na ukiendelea kuvuka utahamishiwa T1.

Kwa hiyo jumlisha. Nyumba inayotumia uniti 60 inaweza kubeba upishi mara mbili kwa mwezi na kubaki na uniti tano. Haiwezi kubeba friza ya kuchachushia. Ukiwa D1, swali la 13 si la hiari.

17. Tunachangia mita na wapangaji wenzangu. Nilipe vipi bila ugomvi?

Soma mita mbele ya mtu kabla ya kuwasha, soma baada ya kuzima, lipa tofauti na uniti moja juu. Usisubiri kuulizwa. Friza ipimwe kwa saa 24 kama tulivyofanya katika swali la 12, halafu kila mwezi utoe uniti zake kamili nje ya mchango wa kawaida. Baada ya siku ile na mama wa chumba cha pili nilinunua LUKU ya ziada kila mwezi, tokeni nikaiingiza mwenyewe, risiti nikaibandika mlangoni. Haikuzungumzwa tena.

## Usalama na umeme kukatika

18. Naweza kutumia ekstensheni?

Usitumie. Elementi ya wati 2,500 inavuta ampea 11 kwa saa nzima, na ya 3,000 inafika 13, mwisho wa uwezo wa plagi. Ekstensheni nyembamba inapata moto, plastiki inalainika, na umeme unaolipia unapasha waya. Yangu ya kwanza ilinuka kabla sijaona chochote; plagi ilikuwa imegandana na soketi. Mwite fundi avute laini yake peke yake, waya wa milimita 2.5, yenye athi halisi iliyofika ardhini na breka inayokata umeme ukivuja. Hapa unachanganya maji, chuma na umeme na mikono iliyolowa. Gharama hii usiibane.

Zile hita za kuzamisha za ndoo za kuogea, nyingi hazina athi. Usizitie kwenye togwa. Na elementi yoyote isiwashwe kabla maji hayajaifunika.

19. Umeme ukikatika katikati?

Kimea kikiwa kimelowekwa, funika kwa blanketi na usifungue. Kitashuka nyuzi mbili au tatu kwa saa, na kazi kubwa ya kugeuza wanga hufanyika nusu saa ya kwanza.

Ukikatika wakati wa kuchemsha, funika, andika dakika zilizobaki. Ukirudi baada ya saa moja togwa itakuwa karibu 80, na kuirudisha ni uniti 0.4. Uchungu unaendelea kutoka hata bila kuchemka, kwa hiyo punguza kidogo hopi zinazofuata. Togwa iliyokwisha kuchemka walau dakika kumi inaweza kulala hadi kesho ikiwa imefunikwa, ukaichemsha tena. Ambayo haijachemka haiwezi. Itachacha yenyewe usiku huo huo.

Friza yenye ndoo ya lita 20 ndani ni hazina ya baridi. Usiifungue, itavumilia saa nyingi.

20. Sola na betri?

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.2 kwenye karatasi, na kama ni ya asidi utumie nusu yake. Upishi unataka tano. Kwa kuchemsha haifai. Kwa pampu na kidhibiti joto inafaa sana.

## Maswali ya pembezoni

21. Nikitumia kimea cha mtama au ulezi badala ya shayiri?

Ongeza uniti moja. Wanga wa mtama unalainika kwenye nyuzi 68 hadi 78, juu ya joto ambalo nguvu ya kimea (ile inayogeuza wanga kuwa sukari) inapenda, kwa hiyo ukishikilia 67 kama kwa shayiri utabaki na wanga mwingi na bia nyepesi. Loweka kwanza kwa maji ya 45, yaache yatulie, mimina pembeni yale maji ya juu yaliyobeba nguvu ya kimea. Uji mzito wa chini uchemshe dakika ishirini, uupoze hadi 65, ndipo urudishe yale ya juu.

Uji huo usiuchemshe kwa elementi iliyozama. Utashika na kuungua, na ladha ya moshi haitoki. Tumia sufuria ya kawaida juu ya jiko na mwiko mkononi.

22. Je, nikitaka kuuza?

Hesabu za hapa ni za bia ya kunywa nyumbani. Kabla ya kuuza chupa moja unahitaji leseni, na kukeneka pombe kali ni jambo jingine kabisa ambalo hatulijibu.

23. Na rubisi?

Jirani mmoja aliyetoka Bukoba aliniuliza hivi, na jibu ni fupi kwa sababu rubisi haipikwi. Ndizi zinaiviswa, zinakamuliwa kwa nyasi, maji yake yanachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yanaachwa usiku kucha ndani ya mtumbwi wa mti yakiwa yamefunikwa majani ya mgomba. Joto la chumba ndilo joto lake. Mita haisogei hata pointi moja.